Kikwazo Nilichoogopa Kukiandika

Siku moja ya masika naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nayo ndiyo nitakayokusimulia kabla sijasema lolote juu ya hizi karatasi ulizoniletea. Nimezisoma. Nimezisoma tena baada ya kula, maana jicho la mwenye njaa haliaminiki. Mwandiko wako ni safi, na mradi wako wa kuku umeupanga vizuri, kila jambo mahali pake. Lakini kaa kwanza. Vuta hicho kigoda. Mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo kila kijana anayeingia mlango huu kuniomba shauri ni mwanangu, na mtoto haambiwi neno zito akiwa amesimama.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwanamke kijana. Nilitoka kwetu upande wa Mahenge nikaolewa na Fidelis, fundi mwashi, mtu wa Uchindile aliyekuja Ifakara kutafuta kazi za ujenzi. Alijenga nyumba za watu, kisha akajenga hii yetu hapa Mlabani, vyumba viwili na sebule, kwa matofali aliyoyafyatua na kuyachoma mwenyewe. Hatukukaa humo sana. Alianza kukohoa, akakonda, akalazwa hospitali, akatoka, akalazwa tena, na safari ya mwisho tulimtoa tukiwa tumemfunika.

Hakuna daktari aliyenitajia jina la ugonjwa wake. Mtaa ndio uliolitaja. Siku zile ukimwi ulitajwa kwa kunong'ona, na watu wengi hawakujua unaambukizwaje. Waliogopa kikombe, waliogopa mkeka, waliogopa hata mkono wa pole. Arobaini ilipopita na waombolezaji kuondoka, nikaanza kuona mambo madogo madogo. Bombani, nikishateka maji, aliyekuwa nyuma yangu aliuosha mdomo wa bomba kabla hajaweka ndoo yake. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi hata Pasaka. Krismasi majirani hupelekeana chakula. Mwaka ule nilikaa mlango wazi mpaka jioni, sahani zikipita mbele yangu kwenda kwa wengine, zimefunikwa vitambaa. Wala sikutukanwa. Ningetukanwa, ningejua pa kujibu.

Je, na mimi nilikuwa nao au sikuwa nao? Usiniulize, mwanangu. Wao hawakuniuliza kabla ya kunihukumu, na leo nimezeeka ningali hai. Jibu hilo linanitosha.

Basi akaja shemeji yangu Remigi, kaka mkubwa wa marehemu, kutoka Uchindile. Alisimama uani na kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "nyumba hii aliijenga mdogo wangu. Wewe huna mtoto, huna kazi. Peke yako utakula nini? Rudi kwenu Mahenge, nyumba tutaipangisha."

Nikamwomba anipe muda. Akafikiri, akasema, "Nitarudi baada ya mavuno. Nikikuta unajilisha, utakaa. Nikikuta njaa, nitakupandisha basi mimi mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya. Aliyasema hayo akiangalia chini. Lakini alipoondoka nilizunguka nyumba nikigusa kuta, maana kila tofali lilikuwa limepita mikononi mwa mume wangu, na nilijua nikipanda lile basi, hata kaburi lake litabaki bila mtu wa kulipalilia.

Kitu nilichokijua vizuri ni vitumbua. Mama yangu alinifundisha: mchele wa bonde hili unaulowesha mpaka ulainike, unautwanga, unatia hamira na iliki, unausubiri uumuke bila kuuharakisha. Nikapika alfajiri, nikakaa na beseni langu kando ya barabara ya kwenda stesheni. Watoto walinikimbilia, mama zao wakawaita. Jioni nikarudi na beseni kama lilivyotoka. Siku ya kwanza nilivila mwenyewe. Siku iliyofuata niliwamwagia kuku wa jirani, nao sijui walikuwa wamesikia nini, maana walidonoa kwa wasiwasi kweli kweli.

Nikajiambia kwamba tatizo langu ni mtaji. Mkono mtupu haulambwi. Nikipata mtaji nitajenga kibanda, nitaweka meza na benchi, nitachemsha chai, na watu watakuja tu. Ndipo likasomwa tangazo baada ya misa: kikundi cha akina mama kimepata fungu la kukopesha wenye miradi midogo, na kila anayetaka aandike mchanganuo wa biashara, kisha ausome mbele ya kamati. Mwalimu wetu wa kuandika alikuwa Mzee Venansi, bwana ushirika mstaafu, mgane, mrefu, mkavu wa maneno, mtu aliyeisukuma baiskeli yake muda mwingi kuliko alivyoipanda.

Alitufundisha maswali ambayo mpaka leo nayajua kama sala. Unauza nini? Unamuuzia nani? Mali unaipata wapi? Utatumia nini, na utabakiwa na nini? Na kitakachokuzuia ni kitu gani? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu masista waliusifia. Nikaandika kwa raha. Niliandika kwamba watu wa Mlabani wanapenda sana vitumbua, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mahali pa vikwazo niliandika mvua na kupanda kwa bei ya sukari, mambo ambayo nayo yalikuwa kweli. Unaona, mwanangu, mtu anaweza kujenga uongo mkubwa kwa ukweli mtupu.

Siku hiyo ya masika mto Lumemo ulikuwa umefurika, na wanafunzi wenzangu hawakufika. Ukumbini tulikuwa mimi na Mzee Venansi tu, mvua ikipiga bati. Alivaa miwani akasoma andiko langu mwanzo mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimebeba vitumbua vichache ndani ya kitambaa cheupe, ili aione bidhaa yenyewe.

Alipomaliza akavua miwani.

"Binti yangu, umeandika vizuri sana," akasema. "Lakini umeandika habari za mwanamke mwingine."

"Mwanamke gani, mzee?"

"Huyu wa humu anauza vitumbua Mlabani na kila mtu ananunua. Mimi simjui. Wewe jana uliuza?"

"Nilitoka navyo."

"Sijauliza kama ulitoka navyo."

Akasubiri. Mzee yule alijua kusubiri.

"Ni mvua iliyokurudisha navyo nyumbani?"

"Hapana."

"Ni bei ya sukari?"

Machozi yakanitoka. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Mficha uchi hazai," halafu akakumbuka anazungumza na nani, akafumba macho kama mtu aliyejikwaa. Tangu siku ile najua kwamba hata wazee methali huwaponyoka.

Hasira ikanipanda. Nikafungua kitambaa mbele yake, juu ya zile karatasi.

"Haya, mzee, kula wewe. Wewe si msomi? Wewe si husikilizi maneno ya mtaani? Kula, niandike kwamba ninaye mteja mmoja."

Akachukua kitumbua. Kilikuwa bado na uvuguvugu. Akakitazama, mimi nikamtazama yeye, na mvua sikuisikia tena. Mkono wake ulipanda, ukasimama karibu na kidevu, ukashuka. Akakiweka mezani taratibu, mbali kidogo na vingine, kwa adabu, kwa kuwa alikuwa amekishika.

"Naogopa," akasema. "Niandike na mimi."

Mwanangu, nimekataliwa na watu wengi maishani, lakini hakuna aliyenikataa waziwazi namna ile. Nilikusanya vitu vyangu. Nilipofika mlangoni akaniita, bado ameketi, sauti imeshuka.

"Andiko linalomficha adui si mchanganuo, ni sala," akasema. "Sala peleka kanisani. Mimi niletee kikwazo chenyewe. Ukishakiandika, kiulize: unanizuia wapi, na wapi huna nguvu?"

Nilirudi nyumbani kwenye matope, na sitakudanganya, nilijiona mpweke kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi walau watu walikuwepo. Lakini kadiri nilivyotembea, kitu fulani kililegea kifuani. Tangu Fidelis afariki, watu walinikwepa kwa tabasamu, na mimi nikajibu kwa tabasamu, kama wachezaji wa mchezo mmoja. Mzee yule ndiye wa kwanza aliyenitajia usoni jambo lililokuwa likiniua. Adui akishatajwa hupata sura. Unaona anapoanzia na anapoishia.

Nikachukua karatasi mpya. Nikaandika: "Kikwazo cha kwanza: majirani zangu hawali nilichopika." Mkono ulikataa mara nyingi kabla haujakubali. Kisha nikakiuliza kile kikwazo kama nilivyoagizwa. Wanaogopa nini hasa? Mkono wangu na chungu changu. Je, mchele wenyewe? Mchele mtu hununua, akauosha kwa maji yake, akaupika kwenye moto wake. Na nilijua jambo jingine. Wachuuzi waliopakia mchele kwenye treni walikuwa na lalamiko moja kila siku, mawe na chenga. Nililijua kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu nao na beseni langu lisilo na mnunuzi, na mtu asiyesemeshwa husikia mengi. Kuchambua mchele kunataka mtu mwenye saa nyingi na asiyekatishwa na wageni. Nikaandika na hilo: "Nguvu yangu: hakuna anayenitembelea." Nikaitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Sikuifuta.

Halafu nikafanya kilichokuwa kigumu zaidi. Nikaenda stesheni, nikawasalimia wachuuzi, nikawauliza wanataka mchele wa namna gani na wako tayari kununua kwa nani. Wengine walinijibu mkato. Wawili, mtu na mdogo wake kutoka upande wa Mlimba, walinijibu kama mtu anavyojibu mtu. Nikayaandika majina yao kwenye andiko, mahali pa soko.

Siku ya kusoma mbele ya kamati, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Mama Gaudensia, jirani yangu wa uzio mmoja, mwanamke mwenye sauti kubwa na huruma kwa kila mtu isipokuwa, mwaka ule, mimi. Wenzangu walisoma. Vikwazo vyao vilikuwa mvua, wadudu, usafiri. Zamu yangu ikafika. Nikasoma bidhaa, nikasoma soko, nikafika pale.

"Kikwazo cha kwanza. Tangu mume wangu afariki, majirani zangu hawali wala hawanywi kitu kinachotoka mikononi mwangu. Wanaogopa. Sina namna ya kuwazuia wasiogope."

"Nani amekwambia tunaogopa?" akauliza Mama Gaudensia.

"Hakuna, mama. Hakuna anayeniambia kitu chochote. Ndiyo maana nimeandika."

Mama mmoja aliyekaa nyuma akafoka, "Wewe umekuja kuomba mkopo au umekuja kutushtaki?"

"Nimekuja kuomba mkopo, mama. Tulifundishwa tutaje kinachotuzuia."

Nikaendelea. Nikasoma kwamba kwa sababu ya kikwazo hicho sitauza chakula kilichopikwa. Nitanunua mpunga wakati wa mavuno, nitaukoboa mashineni, nitaupepeta na kuuchambua kwa mkono mpaka usibaki na jiwe, nami nitawauzia wachuuzi hawa na hawa, ambao nimeshazungumza nao. Pumba nitawauzia wafuga nguruwe. Nikasoma pia mwezi ambao barabara na reli vinaweza kufungwa na maji, na nitakachokula mwezi huo. Nikakaa.

Walitutoa nje wakajadiliana. Waliponiita tena, Mama Gaudensia hakunitazama machoni.

"Wenzako wameandika mvua," akasema. "Wewe umetuandika sisi. Tutakukopesha, kwa sababu mtu aliyeweza kusema lile mbele yetu hatatuficha siku akikwama."

Usidhani walisimama wakanikumbatia. Tulitoka, wao wakatangulia makundi makundi wakizungumza, mimi nikafuata nyuma peke yangu. Lakini nilikuwa nafuata nikiwa na kazi.

Mavuno yalipoingia nilinunua mpunga mashambani, nikaujaza sebuleni mpaka usawa wa dirisha. Nikaanza kupepeta. Kuna upweke wa mtu aliyekaa bure, na kuna upweke wa mtu mwenye ungo mkononi. Kila mmoja unauma, ila wa pili unakuachia kitu cha kupima jioni. Wale ndugu wawili walichukua mzigo wa kwanza, wakarudi wakitaka mwingine. Huko walikoupeleka, mama mmoja aliwauliza mchele huu unachambuliwa na nani. Waliponiambia, niliomba wayarudie maneno hayo, kwa kisingizio kwamba sikusikia.

Remigi alirudi kama alivyoahidi. Aliuona mpunga, akachota punje akazichezesha kiganjani. Nilimkaribisha chai akasema ameshakunywa. Alisimama kidogo akiangalia ukuta aliojenga mdogo wake, kisha akasema, "Kaa, shemeji." Nilimsindikiza mpaka stesheni. Alipopanda treni alinipungia kofia, akaendelea kupunga mpaka behewa lilipopinda.

Mzee Venansi naye alikuja kukagua miradi. Miezi ile ya kwanza aliishia mlangoni, akauliza maswali yake, akaondoka na baiskeli. Siku moja ya kiangazi, jua limewaka, akaingia ndani, akaketi juu ya gunia.

"Nipe maji," akasema.

Nikachukua kikombe, nikakiosha mbele yake. Nikakiosha tena.

"Inatosha," akasema.

Akanywa akamaliza. Kisha akaanza kuuliza habari za magunia matupu, kwamba mwaka huu yameadimika, nami nikamjibu habari za magunia huku nimempa mgongo, nikijifanya natafuta kitu kabatini, mpaka uso wangu ulipokuwa tayari kuonekana.

Hivyo ndivyo nilivyosimama, mwanangu. Nililipa mkopo, nikakopa tena, nikapata kibanda sokoni. Mama Gaudensia alianza kununua mchele kwangu msimu wa pili, akiwa amesimama upande wake wa uzio. Hatukuwahi kulizungumza lile jambo. Alipofariki, mchele wa msiba wake niliuchambua mimi, na watu wakala. Lakini miaka mingi ilikuwa imepita, na katika miaka hiyo nilikula peke yangu, nikiongea na redio. Nakwambia haya ili usije ukadhani biashara ni dawa ya kila kidonda.

Sasa turudi kwenye karatasi zako. Umeandika utafuga kuku nyuma ya nyumba ya baba yako. Umeandika kikwazo chako ni ugonjwa wa mdondo na bei ya chakula cha kuku. Ni kweli, mdondo unaua. Ila mimi naishi mtaa huu. Najua wewe na baba yako hamsalimiani tangu alipofariki mama yako. Uwanja ni wake, bomba ni lake, na jina lake silioni popote humu. Ukizipeleka karatasi hizi watazipenda, na vifaranga utavileta. Siku baba yako akisema ondoa mabanda yako hapa, utasema umepata bahati mbaya.

Usinune. Nakwambia kwa sababu na mimi niliambiwa.

Mteja wako mwandike kwa jina. Umeandika "wananchi wa Ifakara". Wananchi hawajawahi kununua hata yai moja, mwanangu; anayenunua ni mtu, ana mlango, nenda ukabishe hodi. Na faida usiiandike kwa kalamu ya mwezi mzuri tu, maana bonde letu lina miezi ambayo njia hazipitiki. Lakini kubwa kuliko yote, unapofika kwenye vikwazo, anza na kile ambacho mkono wako unakataa kukiandika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukishakitaja, usikae ukikililia. Kitafute mahali kisipokuwa na nguvu, na hapo ndipo uweke mguu. Halafu mpe mtu akusomee, mtu asiyekuogopa wala kukubembeleza, hata kama naye ana woga wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na usitegemee karatasi ikuletee watu. Mchanganuo mzuri unaweza kuilisha nyumba, kuijaza hauwezi. Baba yako yuko hai, tena yuko mtaa wa pili kutoka hapa. Nenda kamwamkie leo. Usiende kwa ajili ya uwanja. Nenda kwa sababu jioni anakaa peke yake, nami najua jioni za namna hiyo zilivyo ndefu.

Inuka sasa, zichukue karatasi zako. Mungu auongoze mkono wako unapoandika lililo kweli. Akupe mvua ya kiasi na wanunuzi wa haki, na akutangulie katika kila mlango utakaobisha. Na kila utakapoketi mbele ya chakula chako, mwanangu, akupe mtu wa kumwambia karibu.